Bonasi Baada ya Uokozi: Mwenye Mali Aliyeshindwa Kuzuia Malipo

Katikati ya Machi 2009, wafanyakazi wapatao 400 wa ofisi moja ya Wilton, katika jimbo la Connecticut, Marekani, waliingiziwa bonasi zenye jumla ya dola milioni 165. Ofisi hiyo ilikuwa kitengo cha AIG Financial Products. Wiki mbili kabla, kampuni mama yao, kampuni kubwa ya bima ya AIG, ilikuwa imetangaza hasara ya dola bilioni 61.7 kwa miezi mitatu tu ya mwisho wa 2008, hasara ambayo hakuna kampuni ya Marekani iliyowahi kuipata katika robo moja ya mwaka. Pesa zilizoibakiza AIG hai zilikuwa za umma. Ilianza na mkopo wa dola bilioni 85 kutoka Benki Kuu ya Marekani, tarehe 16 Septemba 2008, na ahadi za msaada zikaongezeka hadi zikafika takribani dola bilioni 182. Kwa malipo hayo serikali ilichukua karibu asilimia 80 ya kampuni.

Hapo ndipo wengi waliposhindwa kuelewa, na mpaka leo swali lao ni la haki. Mtu anayemiliki asilimia 80 ya duka ana sauti juu ya mishahara ya dukani humo. Iweje serikali yenye asilimia 80 ya AIG itazame malipo yakitoka huku Rais, Waziri wa Fedha na Bunge zima wakiyalaani?

Jibu la haraka lililoenea wakati huo ni kwamba wakubwa hulindana. Siwezi kusema halina ukweli wowote, lakini linaficha jambo lenye manufaa zaidi kwa mwananchi kulijua. Uwezo wa serikali juu ya malipo hayo ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa sana, kwa muda wa siku chache tu. Siku hizo zilipita kabla umma haujajua kuwa kuna la kudai.

Tuanze na namna mabenki makubwa ya Marekani na kampuni kama AIG zinavyolipa, kwa sababu ubishi mwingi huanzia kwenye neno bonasi lenyewe. Kwa wengi wetu bonasi ni nyongeza ya mwisho wa mwaka, kitu kidogo juu ya mshahara. Kwenye benki za uwekezaji za Wall Street, kitovu cha fedha cha New York, ni kinyume. Mshahara wa msingi wa mfanyabiashara wa hisa na dhamana ulikuwa sehemu ndogo ya kipato chake, na bonasi ndiyo iliyokuwa kipato chenyewe. Kwa kawaida benki hizo zilitenga karibu nusu ya mapato yao kwa ajili ya kulipa watu wake, na sehemu kubwa ya fungu hilo iligawiwa mwisho wa mwaka kulingana na faida ambayo kila mmoja, au kila dawati, ilihesabika kuwa imeileta.

Zingatia neno "ilihesabika". Tuseme kuna mtu anayeuza ahadi: wewe unashika deni la mtu mwingine, unanilipa ada kila mwaka, na siku mdeni akishindwa kulipa, mimi nitakufidia. Mwaka wa kwanza ada zinaingia dola milioni 100, wadeni wote wanalipa, hakuna wa kufidiwa. Mwuzaji anapewa asilimia kumi, yaani milioni 10. Mwaka wa pili hivyo hivyo, wa tatu na wa nne pia. Mwaka wa tano wadeni wanaanguka kwa pamoja na kampuni inatakiwa kulipa dola bilioni mbili. Mwuzaji hapati bonasi mwaka huo. Lakini zile milioni 40 alizokwisha kuchukua ziko kwake, na mkataba haumdai arudishe hata senti. Kwa hesabu ya kampuni, biashara ile ilikuwa hasara tangu siku ya kwanza. Kwa hesabu yake yeye ilikuwa miaka minne ya neema na mmoja wa ukame.

Hicho kwa ufupi ndicho kilichotokea Wilton. Kitengo cha AIG kiliuza ahadi za kukinga madeni, yakiwemo madeni yaliyofungashwa kutokana na mikopo ya nyumba, bila kuweka akiba ya kutosha ya kuzilipia. Joseph Cassano, aliyekiongoza, alilipwa zaidi ya dola milioni 280 katika miaka minane. Alipoondolewa mapema 2008, hasara zikiwa zimeanza kuonekana, alipewa mkataba wa ushauri wa dola milioni moja kwa mwezi. Kamati ya Bunge iliyaanika hayo Oktoba 2008, mkataba ukiwa umesitishwa siku chache tu nyuma.

Wapo wanaosema wakuu wa mabenki nao waliumia, maana sehemu kubwa ya malipo yao ilikuwa hisa na hisa zikaanguka. Kuna kweli hapo, ila nusu tu. Lucian Bebchuk na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard walipitia rekodi za Bear Stearns na Lehman Brothers, benki mbili zilizokufa mwaka 2008, na wakakuta kwamba kati ya 2000 na 2008 viongozi watano wa juu wa kila moja walikuwa wamekwishatoa pesa taslimu, kwa bonasi na kwa kuuza hisa: takribani dola bilioni 1.4 kwa Bear Stearns na takribani bilioni moja kwa Lehman. Walipoteza hisa walizokuwa bado wamezishika, naam, lakini kitita kilikuwa kimetoka zamani. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa aliyelichuma alikula faida na wa kwao, janga wakaachiwa wasiomjua.

Sasa, kwa nini serikali haikuacha AIG na mabenki mengine yafe? Nitapita haraka, kwa kuwa hili limeelezwa mara nyingi. Benki hufanya kazi kwa pesa za kukopa. Lehman ilikuwa na mtaji wake mwenyewe wa takribani dola moja kwa kila dola thelathini za mali. Mali ikishuka thamani kwa asilimia tatu au nne, mtaji umekwisha. Na benki moja ikianguka, zinazoidai nazo hutikisika, kila mtu anazuia mikopo kwa kila mtu, na mwishowe kampuni isiyohusika kabisa inashindwa kulipa mishahara. Lehman ilifilisika tarehe 15 Septemba 2008 na dunia ikayaona hayo kwa wiki moja. Tarehe 3 Oktoba, George W. Bush alitia saini sheria ya kutenga dola bilioni 700. Serikali ilikuwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo inayoeleza mengi yanayofuata.

Jumatatu ya tarehe 13 Oktoba 2008, Waziri wa Fedha Henry Paulson aliwaita Washington wakuu wa mabenki tisa makubwa. Akawapa karatasi ya ukurasa mmoja: serikali itanunua hisa zenu za upendeleo, yaani hisa zinazolipwa gawio kabla ya hisa za kawaida lakini zisizompa mwenye nazo kura. Citigroup, JPMorgan Chase na Wells Fargo dola bilioni 25 kila moja, Goldman Sachs na Morgan Stanley bilioni 10 kila moja, na wengine kwa kadiri yao, jumla bilioni 125. Gawio lilikuwa asilimia 5 kwa miaka mitano ya kwanza. Wiki tatu kabla, Warren Buffett alikuwa ameiwekea Goldman Sachs dola bilioni 5 kwa gawio la asilimia 10. Mwekezaji binafsi alipata masharti mara mbili ya yale ya Hazina ya taifa, na alitoa nusu ya pesa.

Kuhusu malipo ya wakuu, sheria ya Oktoba iliwagusa viongozi watano tu wa kila benki. Iliwazuia kupewa vitita vya kuagwa kazini, na ikaondoa nafuu ya kodi kwa sehemu ya malipo iliyozidi dola 500,000. Ilitaka pia bonasi zilizotolewa kwa hesabu za uongo zirudishwe. Hakuna popote iliposema benki inayopokea pesa za umma isilipe bonasi. Paulson alieleza sababu waziwazi: alitaka mabenki yote yakubali, yenye afya na yenye kuumwa, ili soko lisijue ni yupi mgonjwa, na aliogopa kwamba masharti makali ya malipo yangewafanya wakuu wakatae. Naielewa hofu yake. Bado naamini alikosea, kwa sababu siku ile ndiyo siku pekee ambayo wale watu tisa walihitaji kitu kutoka kwake. Baada ya saini zao, yeye ndiye aliyekuwa akiwahitaji.

Siku hiyohiyo, ng'ambo ya Atlantiki, Uingereza ilifanya kinyume, na ni vizuri kuviweka viwili hivi pamoja. Serikali ya London ilitangaza kuweka hadi pauni bilioni 20 kwenye Royal Bank of Scotland (RBS), ikadai asilimia 12 kwenye hisa zake za upendeleo, ikazuia bonasi za pesa taslimu kwa wakurugenzi wa bodi mwaka ule, na mkuu wa benki, Fred Goodwin, akaondoka. Mtu angedhani somo limeeleweka. Ila katika pilikapilika za wikendi ile kuna karatasi iliyopita. Bodi ilikubali kuhesabu kuondoka kwa Goodwin kuwa ni kustaafu mapema kwa ombi la mwajiri, na kanuni za mfuko zilisema anayestaafu hivyo hapunguziwi pensheni kwa sababu ya umri. Alikuwa na miaka 50. Februari 2009, benki ilipotangaza hasara ya pauni bilioni 24.1, kubwa kuliko zote katika historia ya makampuni ya Uingereza, umma ukajua kwamba aliyeiongoza atapokea takribani pauni 700,000 kila mwaka hadi kufa.

Mawaziri walipiga kelele, wakatishia kwenda mahakamani, wakamwomba arudishe kwa hiari. Mkataba ulibaki na nguvu. Juni mwaka huo alikubali mwenyewe ipunguzwe hadi pauni 342,500, akiwa amekwishachukua sehemu ya awali kwa mkupuo. Mwaka 2012 alivuliwa cheo cha heshima cha "Sir". Heshima ingeweza kuondolewa na kamati, lakini pensheni ilihitaji ridhaa yake.

Nirudi Marekani, kwenye kisa ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ingawa AIG ndiyo iliyoandikwa zaidi. Benki ya uwekezaji ya Merrill Lynch ilikuwa imekubali kununuliwa na Bank of America, na ununuzi ulikuwa ukamilike tarehe 1 Januari 2009. Kwa desturi Merrill ililipa bonasi Januari. Mwaka ule ilizisogeza mbele, ikalipa dola bilioni 3.6 mwezi Desemba, kabla tu mmiliki mpya hajaingia. Robo ileile ya mwaka ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 15. Wanahisa wa Bank of America walipiga kura kuidhinisha ununuzi tarehe 5 Desemba bila kuelezwa ukubwa wa hasara wala mpango wa bonasi. Kisha Bank of America ilirudi serikalini Januari, ikapewa dola bilioni 20 nyingine.

Watu 696 wa Merrill walipata dola milioni moja au zaidi kila mmoja. Andrew Cuomo, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, alichunguza mabenki tisa yale ya kwanza na Julai 2009 akatoa hesabu zake: kwa mwaka 2008 yalilipa bonasi za dola bilioni 32.6, na wafanyakazi 4,793 walipata milioni moja au zaidi. Citigroup na Merrill kwa pamoja zilipoteza dola bilioni 54, zikalipa bonasi karibu bilioni 9, zikapokea bilioni 55 za umma. Iliyobaki kwenye hesabu hiyo msomaji anaweza kuifanya mwenyewe. Msimamizi wa masoko ya mitaji alipotaka kumaliza kesi ya kufichwa kwa bonasi za Merrill kwa faini ya dola milioni 33, Jaji Jed Rakoff alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba wanahisa waliodanganywa ndio wangekuwa wanalipa faini ya kudanganywa kwao. Mwaka 2010 aliridhia, bila furaha, dola milioni 150.

Kufikia hapo Bunge lilikuwa limeamka. Februari 2009 sheria mpya ilibana: benki yenye deni la serikali, bonasi isizidi theluthi moja ya malipo yote ya mhusika, na itolewe kwa hisa zisizouzika mpaka deni lilipwe. Kwa benki zilizopokea dola milioni 500 au zaidi, marufuku ilishuka kutoka viongozi watano hadi 25 wanaolipwa zaidi, ili iwanase na wale wafanyabiashara wa dawatini ambao mara nyingine hulipwa kuliko mkuu wao. Ilikuwa sheria nzuri. Lakini ilikuwa na kifungu kimoja: haitagusa bonasi zilizoahidiwa katika mikataba ya tarehe 11 Februari 2009 au kabla yake.

Mikataba ya Wilton ilikuwa ya mapema 2008.

Sasa msomaji anaona kwa nini mwenye asilimia 80 alikwama. Mikataba ile ilikuwa ya kuwabakiza wafanyakazi kazini, iliandikwa kabla serikali haijanunua chochote, na ilitaja viwango bila kujali faida. Edward Liddy, aliyeletwa na serikali kuiongoza AIG kwa mshahara wa dola moja, aliandika kwamba haifurahii lakini amefungwa mikono. Mawakili walimwonya kuwa chini ya sheria ya mishahara ya Connecticut, mfanyakazi anayenyimwa alichoahidiwa anaweza kudai mara mbili yake. Kununua kampuni ni kununua na ahadi zake. Njia ya kuzifuta ahadi zote kwa mkupuo ni kufilisika, na kufilisika ndiko hasa uokozi ulikokusudia kukuzuia. Ukishaelewa sentensi hii umeelewa karibu nusu ya mgogoro wote: uokozi huokoa mikataba. Huiokoa ya mwenye amana, ya mdai, na ya aliyesababisha hasara, yote kwa pamoja, isipokuwa pale aliyetoa pesa alipoichagua mapema ile asiyotaka kuibeba.

Tarehe 19 Machi Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 328 dhidi ya 93, kodi ya asilimia 90 kwenye bonasi za kampuni zilizopokea zaidi ya dola bilioni 5. Seneti haikuwahi kuipitisha. Wanasheria wengi walihofia kwamba kodi inayowalenga watu fulani kwa jambo walilokwishalifanya kihalali inagongana na Katiba, inayokataza Bunge kumhukumu mtu bila mahakama. Hasira ikapoa, na baadhi ya waliolipwa walirudisha sehemu kwa hiari, Liddy akiwa amewaomba waliopata zaidi ya dola 100,000 warudishe nusu.

Lazima niseme pia upande wa waliolipwa. Wengi wa waliobaki Wilton hawakuwa wale waliouza ahadi mbovu. Hao walikuwa wameondoka. Waliobaki walikuwa wakifumua mikataba ambayo thamani yake kwenye karatasi ilikuwa bado dola trilioni 1.6, kazi ambayo mgeni asingeielewa kwa mwezi mmoja. Walipokea vitisho majumbani. Hilo halikuwa haki. Hata hivyo, Cuomo aligundua kuwa kati ya watu 73 waliopata milioni moja au zaidi, 11 hawakuwa tena wafanyakazi wa kampuni. Fedha ya kumbakiza mtu, na mtu amekwishaondoka!

Na kuna la watengenezaji magari. Majira yaleyale General Motors na Chrysler ziliomba msaada, na masharti ya mkopo wa Desemba 2008 yaliwataka wafanyakazi wa viwandani, wenye mikataba ya chama chao iliyosainiwa na kuheshimika, waifungue upya na kupunguza gharama zao zifanane na za viwanda vya kampuni za Kijapani vilivyoko Marekani. Mikataba yao haikuitwa mitakatifu. Tofauti iko wapi? Kwao, sharti lilitangulia pesa. Ndiyo tofauti yote ya kisheria, na ni ya uchungu, kwa sababu inaonyesha kwamba Hazina ilijua vizuri kabisa namna ya kuweka sharti hilo inapotaka.

Nina jambo la pembeni. Wiki ileile ya zogo la milioni 165, AIG ilichapisha orodha ya waliopokea pesa za uokozi kupitia kwake, yaani mabenki yaliyonunua zile ahadi za kukinga madeni pamoja na wadai wengine. Goldman Sachs ilipokea dola bilioni 12.9. Société Générale ya Ufaransa na Deutsche Bank ya Ujerumani zilipata karibu bilioni 12 kila moja. Wenye mikataba ya madeni ya nyumba walilipwa thamani kamili, bila kupunguziwa, na kampuni iliyokuwa mahututi. Zile bonasi za Wilton hazikufika hata moja ya kumi ya asilimia moja ya msaada wote. Ninaamini malipo ya wakuu ni jambo la msingi, ndiyo maana naandika haya. Lakini siku ile macho ya taifa zima yalielekezwa kwenye tone, na ndoo ikapita.

Juni 2009 Hazina ilimteua Kenneth Feinberg, wakili aliyewahi kusimamia fidia za waathirika wa mashambulizi ya Septemba 11, awe mwamuzi wa malipo katika kampuni saba zilizosaidiwa zaidi, zikiwemo AIG, Citigroup na Bank of America. Yeye ndiye aliyeamua malipo ya watu 25 wa juu kwa kila kampuni. Oktoba alikata pesa taslimu zao kwa wastani wa takribani asilimia 90 na malipo yote kwa karibu nusu, akaweka kikomo cha mshahara taslimu cha dola 500,000 kwa wengi wao. Sehemu kubwa iliyobaki aliigeuza hisa zinazouzika kwa awamu za miaka kadhaa. Kwa lugha ya mfano wetu wa awali, alimlazimisha mwuzaji asubiri mwaka wa tano.

Utabiri ulikuwa kwamba vipaji vingekimbia. Wengi mno walibaki. Hili ni la kukumbukwa kila hoja hiyo inaporudi, na hurudi kila mara.

Lakini angalia mipaka yake. Citigroup ilikuwa na mfanyabiashara wa mafuta, Andrew Hall wa kitengo cha Phibro, aliyedai takribani dola milioni 100 kwa mkataba wa zamani. Feinberg hakuhitaji kuamua: Citigroup ilikiuza kitengo chote kwa kampuni ya mafuta ya Occidental, na mkataba ukahamia nje ya mamlaka yake. Kuhusu bonasi zilizolipwa kabla ya sheria ya Februari 2009, alipitia vitabu vya mamia ya kampuni na Julai 2010 akasema kampuni 17 zilitoa dola bilioni 1.6 zisizofaa kulipwa. Sheria ilimpa nafasi ya kujadiliana nao tu. Hakuna kilichorudi kwa nguvu yake.

Na mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye uwezo wa kulipa deni. Juni 2009 mabenki kumi yaliruhusiwa kurudisha dola bilioni 68, na masharti ya bonasi yakaondoka nayo. Goldman Sachs, iliyokuwa miongoni mwao, ilitenga dola bilioni 16.2 kulipa watu wake kwa mwaka 2009, wastani wa takribani dola 498,000 kwa kila mfanyakazi. Bank of America ilihangaika kupata mkuu mpya, watu wakiogopa kikomo cha malipo. Desemba ikauza hisa mpya na kulipa bilioni 45 zote, na siku chache baadaye Brian Moynihan akatajwa. Wapo wanaoyaona haya kuwa ushahidi wa mafanikio, na kihesabu wana hoja: kwenye mpango wa mabenki, Hazina ilitoa takribani dola bilioni 245 na ikapata zaidi ya hizo. Kinachonisumbua ni kwamba benki iliyotoka kaburini miezi kumi nyuma ilipewa kila sababu ya kutoa mtaji haraka ili viongozi wake walipwe, wakati ambao ingefaa iushike mtaji huo.

Uingereza haikuwa na mlango huo wa haraka, maana serikali ilifikia kumiliki zaidi ya asilimia 80 ya RBS. Kwa mwaka 2009 benki ilipata hasara ya pauni bilioni 3.6 na kulipa bonasi za pauni bilioni 1.3. Serikali, mwenye hisa mkuu, iliambiwa kwamba isiporuhusu, wafanyakazi wa uwekezaji wataondoka na thamani ya hisa zake itashuka. Mlipakodi akiwa mwanahisa huingia kwenye mtego huo: kila anachowazuilia, anaambiwa anajizuilia mwenyewe. Mwaka 2012 mkuu mpya, Stephen Hester, aliachia bonasi ya hisa za takribani pauni milioni moja baada ya shinikizo la Bunge. Serikali iliuza hisa zake za mwisho Mei 2025, miaka karibu 17 baadaye, ikiwa imepoteza takribani pauni bilioni 10 kati ya 45.5 ilizoweka.

Umoja wa Ulaya ulijaribu njia nyingine kuanzia 2014: bonasi isizidi mshahara wa mwaka, au mara mbili yake wanahisa wakiridhia. Mabenki yakapandisha mishahara na kubuni posho za cheo. Kiasi kilekile kilifika, sasa kikiwa hakipungui hata mwaka wa hasara, jambo baya kuliko ugonjwa uliotibiwa. Uingereza, ikiwa imetoka katika Umoja huo, ilifuta kikomo hicho Oktoba 2023.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi, kwa ninavyoona, ni kuchelewesha na kurudisha: sehemu kubwa ya malipo ishikiliwe kwa miaka mingi, na mkataba wenyewe useme mapema kwamba benki ikiokolewa na umma, iliyoshikiliwa inafutika. Uswisi ilionyesha kwa nini maneno hayo yanahitaji kuwemo tangu mwanzo. Mwaka 2008, baada ya benki ya UBS kuokolewa, mwenyekiti wake wa zamani Marcel Ospel na wenzake wawili waliachia faranga milioni 33 kwa hiari, kwa sababu sheria haikuwa na la kuwafanya. Credit Suisse ilipoanguka Machi 2023 serikali iliamuru bonasi zilizosubiri za ngazi tatu za juu zifutwe au zipunguzwe. Zilikuwa faranga milioni 50 hadi 60. Yaliyokuwa yamelipwa miaka ya nyuma, wakati benki ikioza, hayakuguswa.

Marekani yenyewe iliandika kanuni ya namna hii. Sheria ya mageuzi ya fedha ya Julai 2010, katika kifungu cha 956, iliziagiza mamlaka sita za usimamizi zitunge kanuni ya pamoja ya kuzuia malipo yanayomshawishi mfanyakazi wa benki kujitosa kwenye hatari kupita kiasi, na ikazipa miezi tisa. Zilitoa rasimu mwaka 2011. Zikatoa nyingine mwaka 2016, yenye kipengele cha kushikilia sehemu ya malipo kwa miaka kadhaa na kuyarudisha. Mei 2024 baadhi ya mamlaka hizo ziliitoa tena rasimu ya 2016, Benki Kuu ikiwa haimo. Ile miezi tisa ilikwisha Aprili 2011.